Katoni Yenye Picha ya Ndege

Hapo zamani, na si zile zamani za wanyama kusema, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni na nyani wakiendelea kula mahindi kama kawaida, palikuwa na kitongoji kinaitwa Lisewa, kwenye miteremko ya Ulanga. Nitawasimulia yaliyotokea huko. Ninachoomba ni kimoja: msianze kubishana kabla sijamaliza. Watu wa Lisewa wamebishana vya kutosha kwa niaba yenu, na mimi nimewasikiliza mpaka kichwa kimeniuma.

Mashamba ya Lisewa yamepakana na msitu. Mahindi yakianza kubeba, nyani wanateremka mchana kweupe, ukoo mzima, madume mbele, wenye watoto mgongoni nyuma. Na laiti wangekuwa wanakula wakashiba. Nyani anavunja hindi, anang'ata mara moja, anatupa, anavunja jingine. Nyani wakiondoka anakuja nguruwe pori. Huyo hashughuliki na hindi peke yake. Anaangusha shina, anafukua muhogo wa pembeni, anagaagaa juu ya maboga, halafu anakwenda zake.

Wenye mashamba ya upande ule wakaunda kikundi cha ulinzi. Mwenyekiti alikuwa Teofrida, mama mmoja mpenda utaratibu, ambaye hata akikuazima ungo anakwambia siku ya kuurudisha. Mweka hazina alikuwa Kasmiri, fundi baiskeli, mtu anayejua bei ya kila kitu na hapendi kulipa bei ya chochote. Na mwenye bunduki alikuwa Otmari.

Bunduki yenyewe ilikuwa shotigani ya mtutu mmoja aliyoachiwa na baba yake, yenye leseni halali kwa jina lake na ruhusa ya kufukuza wanyama waharibifu. Unaikunja katikati, unatia risasi moja, unaifunga, unapiga. Ukitaka kupiga tena, unaikunja, unatoa ganda, unatia nyingine. Haina haraka. Mwenyewe pia hakuwa na haraka.

Kila msimu kikundi kilichanga, kikanunua boksi dogo la risasi nzuri. Risasi nzuri ni ghali. Na kwa sababu zilikuwa ghali, Otmari alikuwa hazipigi.

"Otmari, nyani wale pale. Piga," Teofrida anamwambia.

"Wako mbali."

"Haya, sasa wamesogea. Piga."

"Yule ni mdogo. Risasi ya bei ile nimpige nyani mdogo?"

"Yuko mkubwa nyuma yake."

"Mkubwa kajificha."

Mazungumzo yakiisha, na mahindi yameisha. Otmari anarudi nyumbani na risasi zake zote mfukoni, ameridhika kwamba hakuharibu mali ya kikundi. Misimu ikapita hivyo, risasi nyingi zikiharibika kwa unyevu nyumbani kwake. Siku moja Dafroza, mdogo wake Teofrida, ambaye shamba lake ndilo lililokuwa la kwanza kutoka msituni na kwa hiyo la kwanza kuliwa, alimsimamisha Otmari mbele ya watu akiwa na gunzi lililong'atwa mkononi.

"Kaka Otmari, naomba kuelewa," alisema. "Hiyo bunduki ni ya kulindia shamba au ni ya kupigia picha?"

Watu wakacheka. Otmari hakucheka.

"Mnileteeni risasi za kutosha," alijibu, "muone kama sitapiga."

Basi mwaka huo kikundi kikachanga tena, na Otmari na Kasmiri wakatumwa mjini pamoja. Otmari alikuwa na leseni na kibali, Kasmiri alikuwa na pesa. Wakaingia kwenye duka la silaha. Muuzaji akamfungulia Otmari daftari asaini, na Otmari, ambaye kuandika jina lake ni kazi inayotaka utulivu, akainama akaanza kusaini. Kasmiri akabaki na muuzaji.

"Boksi la siku zote," alisema Kasmiri, halafu macho yake yakaenda kwenye rafu ya chini. "Na ile katoni pale?"

"Zile ni za rahisi. Kwa bei ya boksi lako moja unapata katoni nzima."

"Katoni nzima?"

"Ila ujue, ni za ndege," alisema muuzaji. "Kanga, kwale, njiwa. Goroli zake za ndani ni ndogo kama ulezi. Na ganda lake wakati mwingine linanasa, uwe na ufito wa kulisukumia. Lakini mlio ni ule ule."

Kasmiri alisikia "katoni nzima", akasikia "mlio ni ule ule". Hayo mengine pia aliyasikia, kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji cha pili. Akalipa. Otmari akainua kichwa kutoka kwenye daftari, akaikuta katoni imeshafungwa kamba.

Na juu ya katoni, sikilizeni hapa, palikuwa na picha. Maandishi yalikuwa ya lugha ambayo hakuna mtu wa Lisewa aliyeweza kuisoma, lakini picha haina lugha. Ndege anaruka, mabawa wazi, shingo ndefu, ukubwa wa kiganja cha mkono. Otmari aliipakata katoni hiyo kwenye basi safari nzima. Hakuuliza ndege huyo anatafuta nini juu ya risasi za nguruwe.

Walipofika Lisewa, watu walishangilia. Hawakuwahi kuona risasi nyingi namna ile. Walizishika, wakazipima uzito, wakazigonganisha zisikike. Teofrida akampa Kasmiri mkono mbele ya wote. Ni katika kelele zile Kasmiri alisema, "Ila muuzaji anasema hizi ni za ndege." Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, na mtu aliyekuwa karibu yake alikuwa anapiga vigelegele. Hakurudia.

Upigaji ukaanza. Kwa siku za kwanza Otmari alipiga kama mtu aliyefungiwa muda mrefu. Alipiga nyani, alipiga kichaka alichodhani kina nyani, alipiga hewani. Na hapo Lisewa nzima ikagundua jambo ambalo hakuna aliyelijua miaka yote ile, maana hakuwahi kupiga mbele ya watu: Otmari hana shabaha. Alilikosa dume la nyani lililokaa juu ya kisiki linajikuna, likageuka likamtazama, likaendelea kujikuna.

"Ndiyo hiyo bunduki tuliyokuwa tunaibembeleza?" Dafroza alimuuliza dada yake.

"Nyamaza," Teofrida alisema. "Usimvunje moyo."

Na kweli maganda yalinasa. Si yote, lakini huwezi kujua lipi. Anapiga, anaikunja bunduki, ganda limeng'ang'ania ndani ya mtutu, inabidi achukue ufito wa mpera aliouchonga, auingize mdomoni mwa mtutu, asukume mpaka ganda litoke. Nyani wanamtazama. Na nyingine hazikulipuka kabisa. Anavuta, inasema *ta*, kimya. Anasubiri akiwa ameielekeza bunduki chini, anaitoa risasi, anaiweka pembeni, anatia nyingine huku anasonya. Mwezi huo Otmari alisonya kuliko alivyosema.

Lakini nitakuwa mwongo nisipowaambia na upande wa pili. Kwa kuwa risasi zilikuwa nyingi, Otmari aliona aibu yake ina dawa. Akawa anapanga maboga yaliyooza juu ya kichuguu, anapiga. Akikosa, anapiga tena. Hakuna aliyemwambia anaharibu mali ya kikundi, maana katoni ilikuwa bado imejaa. Taratibu maboga yakaanza kupasuka. Na nyani, ambao hawakuwa wakiumia sana, walichoshwa na kelele. Kila wakitia mguu shambani, *pa*. Wakisogea upande wa pili, *pa*. Mwisho wakarudi ndani ya msitu wakatafute chakula chao kingine. Mahindi ya Lisewa yakakomaa yakiwa shambani, jambo ambalo watoto wadogo hawakuwahi kuliona.

Kikundi kikakaa kikao cha kujipongeza. Hapo Otmari akasema, "Nina risasi chache nzuri zilizobaki mwaka jana. Nauliza, nizitumie au nifanyeje?"

Teofrida akajibu kama mwenyekiti. "Zile nzuri zisiguswe mpaka hizi za rahisi ziishe. Zile ni akiba. Wenzangu mnasemaje?"

Wenzake wakapiga makofi. Otmari akapiga makofi. Kasmiri akapiga makofi. Dafroza naye alipiga, alikuwa amekaa mbele kabisa.

Kumbukeni makofi hayo, maana baadaye kila mtu alisema hakupiga.

Wiki ya kuelekea mavuno akaingia dume la nguruwe pori. Si nguruwe wa kawaida. Manyoya ya shingoni yamesimama, meno yametokeza pembeni ya mdomo. Kelele za bunduki hazikumtisha, alizizoea akiwa kichakani. Aliingia shamba la Dafroza, asubuhi kumeshapambazuka, umande haujakauka.

Watu wakakusanyika kwenye njia. Otmari akaja na bunduki yake, ufito umechomekwa kiunoni, risasi za rahisi kwenye mfuko wa suruali, na zile nzuri kwenye mfuko wa shati, kwa sababu alikuwa hataki kuziacha nyumbani watoto wasije wakazichezea.

"Wote mbaki hapa njiani," alisema. "Hapa hapa. Mtu asiingie ndani ya mahindi, nisije nikashindwa kuona nani ni nani."

Wakabaki. Otmari akaingia mstari wa katikati, akatembea polepole. Akamwona nguruwe ameinamisha kichwa anafukua. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa shati. Halafu akakumbuka kikao. Mkono ukashuka, ukaingia mfuko wa suruali.

Akapiga. Na shabaha ilikuwa nzuri, nguruwe alipatwa begani sawasawa. Lakini goroli za ulezi kwenye bega la nguruwe dume ni kama kumrushia mtu mchanga. Zilimchoma, zikamtia hasira, hazikumwangusha. Akageuka akakimbia kuelekea njiani.

Na pale kati ya Otmari na njia, alikuwepo Dafroza.

Alikuwa ameingia. Alikuwa na debe na mti wa kulipigia, anatafuta kumfukuza nguruwe asizidi kuangusha mahindi yake. Nguruwe alimkuta kwenye mstari, akamwangusha, akampasua paja kwa jino, akarudi juu yake mara ya pili.

Otmari aliikunja bunduki. Ganda limenasa.

Mimi huwa nikifika hapa nasimama kidogo. Fikirini mtu yule amesimama na ufito, anausukuma ndani ya mtutu, na mbele yake mwanamke anapiga kelele chini ya mnyama. Ganda likatoka. Safari hii hakukumbuka kikao chochote. Alichukua risasi nzuri kutoka mfuko wa shati, akaifunga bunduki, akasogea mpaka karibu, na akapiga. Kati ya kichwa cha nguruwe na kichwa cha Dafroza palikuwa na nafasi ndogo sana. Risasi ilipita ilipotakiwa. Nguruwe akaanguka, na Dafroza hakuguswa na goroli hata moja.

Teofrida alikuwa wa kwanza kufika. Alivua kanga yake akalifunga paja la mdogo wake, akakaza kwa nguvu zake zote, akampandisha kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake akimshikilia mpaka hospitali. Dafroza akapona. Mguu haukupona. Goti lilikataa kukunjika, na daktari akamwambia hatapiga jembe kwa msimu mzima, labda zaidi.

Mahindi yalivunwa. Yalikuwa mengi kuliko mwaka wowote Lisewa inaoukumbuka. Nyama ya nguruwe ililiwa na kila mtu, na kila mtu alisema ni tamu. Halafu mvua za kupandia zikakaribia, na swali likaja lenyewe: shamba la Dafroza atalima nani? Mume wake yuko mbali kwenye mashamba ya miwa, hana likizo. Watoto wake bado wadogo. Asipolima, mwakani hatakuwa na chakula.

Najua mmeshapata jibu. Mnasema, walime wote. Na wao walisema hivyo hivyo. Walikubaliana walime wote, Jumamosi, asubuhi. Jumamosi ilipofika Otmari alisimama mlangoni kwake akiangalia kama Kasmiri ametoka. Kasmiri alisimama mlangoni kwake akiangalia kama Otmari ametoka. Teofrida alikuwa tayari na jembe begani, ila akafikiri, nikitangulia mimi watasema mwenyekiti amekiri kosa. Akarudi ndani. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza ndiye angeonekana mwenye hatia. Jumamosi iliyofuata ikawa vile vile. Msininong'onezee tena habari za wote.

Wakaitwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, Hermani, mtu aliyekuwa na bustani yake ya nyanya inayotaka maji na hakupenda vikao. Walikaa uwanjani kwenye mabenchi ya kanisa, kutoka hapo shamba la Dafroza linaonekana lote, na kila mmoja alikuja na jembe lake kwa sababu alikuwa anapitiliza kwenda shambani kwake. Dafroza alikaa mbele, mguu umenyooka.

Hermani akasema, "Kila mtu aseme lake, kwa kifupi. Kasmiri."

Kasmiri akasimama. "Mimi ndiye niliyenunua, sikatai. Lakini nilisema hizi ni za ndege. Nilisema siku ile ile tumefika. Na hata kama sikusema, ndege amechorwa pale juu, mnataka aimbe? Sasa niwaulize. Miaka yote ya risasi nzuri tulivuna nini? Mwaka huu wa risasi za rahisi tumevuna nini? Na mwenzangu Otmari, shabaha aliipata wapi? Kwenye zile za ghali? Zile alikuwa anazifuta vumbi. Kama isingekuwa katoni yangu na yale maboga, risasi ya mwisho ile ingempata Dafroza, tungekuwa tumezika. Katoni yangu ndiyo iliyomwokoa. Basi jembe si langu."

"Katoni yako ndiyo iliyomfanya ahitaji kuokolewa," Otmari alisema bila kusimama. "Bila hiyo katoni nguruwe angekufa kwa risasi ya kwanza."

"Otmari, zamu yako inakuja," alisema Hermani. "Kasmiri, muuzaji alikwambia ni za ndege. Alikwambia na kunasa?"

"Aliniambia."

"Ulimwambia nani?"

"Nilisema kwa wote."

"Kwa wote," Hermani alirudia, akajifuta uso. "Nimesikia. Anayefuata."

Otmari akasimama. "Mimi nilipiga kile nilichopewa, kwa amri niliyopewa. Risasi nzuri zilikuwa mfukoni, hapa, juu ya moyo. Mkono wangu ulizifuata. Nikakumbuka kikao. Ningezitumia, nguruwe akafa, hakuna mtu angeumia, si mngeniita tena kikaoni kuniuliza kwa nini nimekula akiba? Miaka yote mnanisimanga kwa risasi hizo hizo. Na niliwaambia watu wabaki njiani. Halafu nikaenda mpaka karibu na mnyama aliyejeruhiwa, nikampiga juu ya mtu, na mtu yuko hai. Nani kati yenu angekwenda? Basi jembe si langu."

"Dukani ulikuwa wapi?" Kasmiri aliuliza.

"Nilikuwa nasaini."

"Ulisaini kununua nini?"

Otmari akakaa. Hermani akasema, "Ulisafiri na ile katoni mapajani, Otmari, na bunduki ni yako tangu marehemu baba yako. Ulipoona zinawachoma nyani bila kuwaangusha, ulidhani kwa nguruwe zitafanya nini?"

"Nilidhani zikiwa nyingi zitatosha," Otmari alijibu.

"Nimesikia. Anayefuata."

Teofrida hakusimama mara moja. Alitazama mguu wa mdogo wake, kisha akasimama.

"Niliweka utaratibu," alisema. "Mchango ni jasho la watu, siwezi kuacha kila mtu atumie anavyotaka. Niliuliza kikao, kikao kikapiga makofi. Mimi si fundi wa bunduki. Hakuna aliyenifafanulia kwamba risasi ina goroli ndogo na kubwa. Wawili walikwenda dukani, wawili walirudi, nikaambiwa zipo nyingi. Na aliyeumia ni damu yangu. Nimemfunga kwa kanga yangu, nimemlaza kwangu, nimemlisha, na mahindi yake nimeyavuna mimi na wanangu. Nikilima tena peke yangu, nyie mtakuwa mmefanya nini? Basi jembe si langu."

"Otmari alikuuliza kama atumie zile nzuri," alisema Hermani.

"Aliuliza habari za akiba. Hakuuliza habari za nguruwe. Angesema akija mnyama mkubwa nifanye nini, ningejibu tofauti."

"Ningejuaje kama anakuja?" alisema Otmari.

"Wewe ndiye mwenye bunduki. Nani ajue, mimi?"

"Na mimi nilisema ni za ndege," Kasmiri akaongeza.

Wakaanza upya. Kasmiri akarudi kwenye maboga, Otmari akarudi kwenye kikao, Teofrida akarudi kwenye kanga. Mtu mmoja wa pembeni akauliza kama msimu huu mchango utanunua boksi dogo au katoni, na hapo nusu ya uwanja ikaingia kwenye ugomvi mwingine kabisa. Wengine wakasema katoni, kwa kuwa nyani ndio wengi na nguruwe ni mmoja. Wengine wakasema boksi, kwa kuwa nyani anakula hindi na nguruwe anakula mguu. Mmoja akasema zinunuliwe zote mbili, akaulizwa kama atachanga yeye mara mbili, akakaa.

Hermani akagonga benchi. "Dafroza hajasema."

Dafroza alisema akiwa amekaa. "Wanasema niliingia. Niliingia, ndiyo. Mwezi mzima nasikia *pa*, *pa*, hakuna anayekufa. Wakati mwingine inasema *ta*. Nikizubaa kwa sababu ya risasi zile, nani aliyenizoesha? Na nguruwe alikuwa kwenye mahindi yangu, si kwenye mahindi ya kikao. Mkitaka kosa langu, lichukueni, nimeshalilipa kwa goti. Lakini naomba niwaulize kitu kimoja, maana nimekaa hapa tangu asubuhi. Nyie mnazungumza risasi. Mimi nauliza habari ya mahindi. Kuna mtu hapa anazungumza mahindi?"

Kasmiri akakohoa, akasema, "Lakini suala la risasi ndilo msingi wa..."

Na Otmari akasema, "Msingi ni ile amri."

Na Teofrida akasema, "Amri ilitokana na taarifa."

Dafroza akaomba jembe kwa mtu aliyekaa karibu naye, akapewa. Akamwambia mwanamke mwingine amsaidie kigoda. Akashuka kwenda shambani kwake, anautupa mguu wake pembeni kila hatua. Uwanja mzima ulimwona. Alifika kwenye kona ya shamba, akaweka kigoda chini, akakaa, mguu mmoja mbele yake kama gogo, akaanza kulima akiwa amekaa. Alilima duara dogo, kiasi mkono unavyofika. Akajiinua kwa mpini, akasogeza kigoda, akakaa tena, akalima duara jingine. Wingu lilikuwa limeshatanda upande wa msitu.

Hermani aliwatazama wale watatu. Kila mmoja alikuwa na jembe lake kati ya magoti. Kila mmoja alikuwa anamtazama Dafroza, halafu anawatazama wawili wengine.

"Sitasema kitu tena," Hermani alisema. "Nyanya zangu zinakauka. Mmoja wenu ainuke atangulie, na wawili wamfuate. Lakini wa kwanza nani, mimi nimeshindwa. Niliyemsikiliza mwisho ndiye niliyemwamini."

Akaondoka.

Sasa ni zamu yenu, na mbishane mnavyotaka, mimi nimemaliza. Yupo Kasmiri, aliyenunua nyingi kwa bei ya chache, akasikia onyo akalisema mara moja tu kwenye kelele, na katoni yake ikawapa mavuno na ikampa mwenzake shabaha. Yupo Otmari, aliyekuwa na risasi ya kufaa mfukoni akatia isiyofaa, kisha akasogea karibu na kifo cha mtu akakizuia. Yupo Teofrida, aliyetunza mali ya watu vizuri mno, kisha akaifunga damu ya mdogo wake kwa kanga yake mwenyewe. Na kule chini yupo Dafroza, anasogeza kigoda.

Je, nani kati ya wale watatu alistahili kuinuka wa kwanza?